Okumu Alijua Utazame Nini

Watu wa Nairobi hupenda kuandika kwenye magari yao: mwenye wivu ajinyonge. Mimi wivu ninao tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na sikujinyonga. Nilijenga. Nina maduka manne ya televisheni na simu pale Kawangware, nina nyumba ya ghorofa tatu yenye wapangaji wasiosumbua, na sina cheti hata kimoja ukutani, maana shule na mimi tuliachana darasa la sita bila ugomvi. Nayasema haya mapema usije ukadhani anayeandika ni mtu aliyeshindwa na maisha. Maisha nimeyashinda. Kuna mtu mmoja tu sijamshinda, na Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilimwona tena, amesimama mbele ya ukumbi mmoja Kibera, upande ule wa kuelekea Ayany, amevaa sweta iliyotoboka kiwiko, na ukumbi mzima unamsikiliza kana kwamba anagawa ploti.

Vijana wa mtaa wanaotengeneza filamu fupi walikuwa wameandaa alasiri ya kuzionyesha. Skrini ilitoka dukani kwangu, na viti ni mimi niliyevileta kwa lori. Bango la duka langu lilikuwa mlangoni, refu kuliko mtu. Lakini kwenye karatasi walizobandika kila nguzo waliandika hivi: Filamu zimechaguliwa na Okumu. Okumu basi, bila jina la pili, vile watu huandika jina la mchezaji wa mpira. Kijana aliyeshika maikrofoni alinishukuru mara moja, akaniita Bwana Baraza, na mimi naitwa Barasa. Kisha Okumu akaanza kuzitaja, moja moja kabla ya kuonyeshwa. "Hii ya kwanza ni ya kutisha. Lakini kama uko na landlord, hutashtuka, ushazoea." Watu wakacheka. "Hii ya pili ni ya mapenzi, dakika tisa. Kama mmekosana asubuhi, kaeni mbali mbali, mtajikuta mmeshikana mikono bure." Wakacheka tena. Mke wangu aliyekuwa kando yangu akacheka mpaka akanishika mkono, nami nikausikia mkono wangu umekuwa mgumu kama mwiko. Miaka yote hiyo, nywele zetu sote wawili zimeingia mvi, na bado kile kitu kilikuwa kifuani, kibichi kabisa.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mimi na Okumu tulifanya kazi kwa Mama Akoth, mjane mwenye kicheko kikubwa aliyekuwa na nyumba ya vidio Kibera. Ilikuwa mabati juu hadi chini, blanketi kwenye madirisha ili giza liingie mchana, na vyumba viwili. Chumba kikubwa kilikuwa na televisheni kubwa na mabenchi ya muvi na mpira. Chumba kidogo cha nyuma kilikuwa na televisheni ndogo ambayo lazima ipigwe kofi ndipo irudishe rangi, na mabenchi mawili tu, ya watu wanne wanne. Chumba hicho kilikuwa cha wale wanaosubiri. Mtu akija mapema kabla ya mechi, badala ya kumwacha arande apotelee kwa jirani, unamkalisha pale unamwekea filamu fupi. Hizo fupi Mama Akoth alizipata kwa bahati: kakake alikuwa akifagia jumba fulani la utamaduni mjini, wakamwambia atupe boksi la sidii, naye hakulitupa. Zilikuwa sitini na tatu, kutoka nchi ambazo hata sasa sijui ziko wapi, na maandishi yake kama kuku amepita na matope miguuni.

Sasa mimi ndiye niliyelifanya lile boksi kuwa kitu. Hilo nataka lijulikane. Nilikaa wiki mbili nikizitazama zote, moja baada ya nyingine, nikazipanga kwa aina, na kwa kuwa maandishi hayasomeki nikanunua kuteksi, zile rangi za kucha, kwa pesa zangu, nikaweka doa kwenye kila bahasha. Nyekundu, za kupigana. Pinki, za mapenzi. Ya dhahabu, za kuchekesha. Zambarau, za kutisha. Katuni nikazipa ya fedha. Na zile za huzuni, ambazo nilidhani hakuna atakayezitaka, nikaziacha bila doa. Vijana wangu wa duka siku hizi wanaona kompyuta inapanga filamu kwa makundi na wanashangaa. Mimi nawaambia hilo nililifanya kwa kuteksi, na ningewauliza walikuwa wapi, ila walikuwa hawajazaliwa.

Nilikuwa na sauti pia. Nilisimama mlangoni nikaita watu mpaka wenye vibanda wakalalamika. "Kupigana iko! Mapenzi iko! Kucheka iko! Kuogopa iko! Wewe unataka gani?" Na mtu husema anachofikiri mwanamume anapaswa kusema: kupigana. Namwekea ya doa jekundu, anatazama dakika tatu, anaanza kuangalia viatu vyake, anatoka. Nilidhani ni kosa la filamu.

Okumu aliletwa mwezi wa pili. Alikuwa mrefu, mvivu, akifika saa nne wakati mimi nimefungua saa mbili, na alikuwa na tabia ya kula kwa sahani yako huku akikusimulia kitu ili usione. Chapati ngapi na madondo zimepotea hivyo! Mama Akoth alimkalisha mlangoni zamu za alasiri, na mimi nikawa ndani. Siku ya kwanza wanaume sita wa mjengo walikuja, wamejaa vumbi la simiti mpaka kwenye kope. Nikapaza sauti kutoka ndani, "Wape nyekundu!" Okumu aliwageukia. Aliwauliza, "Leo mmekuwa mkifanya nini?"

"Kubeba mawe," mmoja akasema. "Ghorofa ya tatu."

"Basi mmepigana ya kutosha. Kaeni." Akawawekea ya pinki. Ilikuwa filamu ya mwanamume na mwanamke wanaosubiri basi kila siku chini ya mwavuli mmoja na hawaongei. Dakika kumi na moja, hakuna neno. Nilingoja watukane. Walitazama yote, na ilipokwisha yule mkubwa wao akasema kwa sauti ya chini, "Huyu jamaa ni mjinga. Ongea, bwana." Wiki nzima walirudi wakibishana. Nilikuwa nawasikia wakipita: "Mimi naambia wewe, yule dem alikuwa anangoja aanze." "Aanze na nini na hana pesa?" "Kwani salamu ni pesa ngapi?"

Wakaja akina mama wanaofua nguo kwenye nyumba za watu Ayany, mikono imekunjamana kwa sabuni. Mimi ningewapa ya mapenzi, si ni wanawake? Okumu aliwapa ya zambarau, filamu ya nyumba kubwa, nyeupe, inayowameza wenye nyumba kupitia kwenye sinki. Wale akina mama walicheka mpaka benchi likaanguka. "Meza huyo pia!" walikuwa wakipiga kelele. "Meza na soksi zake!" Soja wa kulinda geti usiku aliyekuja mchana na macho mekundu alipewa katuni ya tembo anayetafuta pa kulala, akalala palepale akitabasamu, na kesho yake akarudi kuuliza kama tembo alipata. Okumu hakuwa anamuuliza mtu unapenda gani. Alimuuliza umetoka wapi, umekula, nani amekuudhi leo. Kisha anaingiza mkono kwenye boksi langu, kati ya rangi zangu, na anatoa ile yenyewe. Ikafika mahali watu wakifika na kumkuta hayupo wananiuliza, "Okumu ako wapi?" Nasema, "Mimi niko hapa, unataka gani?" Wanasema, "Wacha tutangoja."

Ungeniuliza wakati ule ningesema simwonei wivu mtu asiyejua hata kufika kazini. Lakini nilianza kumwiga. Nikamuuliza mama mmoja, "Umetoka wapi saa hii?" Akaniangalia juu hadi chini. "Kwani wewe ni polisi?" Okumu alikuwa nyuma yangu, akacheka mpaka akajishikiza ukutani. Nilicheka pia. Kile kicheko nakikumbuka, kilikuwa kama kumeza mwiba wa samaki.

Na jambo lenyewe halikuwa kicheko tu. Tangu mwezi ule Okumu alipokuja, Mama Akoth alikuwa ametuambia anatafuta chumba Kawangware, afungue vidio ya pili, na kwamba mmoja wetu ndiye atakayeishika kama yake, kwa nusu ya faida. Kwa mtu kama mimi hiyo haikuwa kazi. Ilikuwa ni ama niwe mtu, ama nizeeke nikiita watu mlangoni mwa mwingine. Ndipo mchana mmoja nikiwa jikoni, kile kijikoni cha mabati kilichoegemezwa kwa nyuma, nikila githeri, nikamsikia Mama Akoth upande wa pili akiongea na mzee mwenye chumba cha Kawangware. Bati halifichi siri.

"Utaniletea nani?" mzee aliuliza.

"Barasa ana mdomo. Atajaza nyumba siku moja."

"Basi lete huyo."

"Wanajaa, halafu wanatoka. Huyu mwingine anakaa na sweta yake mbaya, haiti mtu, na watu wanarudi."

"Basi lete huyo."

"Mzee, wewe kila mtu unasema lete huyo!" Wakacheka. "Kuja Jumapili ujionee mwenyewe. Jumapili nitasema."

Githeri ilibaki pale. Sijawahi kuiacha githeri kabla ya siku hiyo wala baada ya siku hiyo.

Wiki ile kulikuwa na matanga ya Mama Sela, muuza mboga wa pale kando ya njia. Kwetu mtu hazikwi Nairobi. Matanga hukaliwa huku jioni, watu wanachanga, akina mama wanapika na kuosha vyombo siku tano mfululizo, kisha gari linabeba mwili kwenda nyumbani Western, na kwenye gari kuna nafasi ya wachache. Wengine wote wanabaki wamesimama barabarani, vumbi linatulia, na wao hawajazika mtu. Kesho yake wanarudi kwa mboga zao. Jumamosi nilipokuwa nachota maji niliwasikia wenzake wa chama cha kuchangiana pale kwa bomba. Mmoja alisema, "Sahani zake sita bado ziko kwangu. Nimeziosha, sasa sijui nimpelekee nani." Mwingine akasema Jumapili baada ya kanisa waende kwa Okumu, awape kitu cha kuwachekesha, maana wamechoka kulia vibaya vibaya.

Nilijua atawapa gani. Kulikuwa na moja ya dhahabu, ya fundi viatu ambaye kila kiatu anachoshona kinatoka cha mguu wa kushoto. Kila mtu alikuwa anaicheka. Na nilijua nyingine, kati ya zile zisizo na doa. Mwanamke mzee yuko jikoni anaosha vyombo vya mtu aliyekufa. Haongei. Anaosha sahani, anaifuta, anaiinua kwa mwanga, anaiweka. Dakika kumi na mbili ni hivyo tu, mpaka mwisho anapoandaa meza ya watu wawili na kukaa peke yake. Mimi mwenyewe nilipoipanga niliitazama mara moja na sikuirudia. Jumapili asubuhi, kabla Okumu hajafika, nilizitoa zile sidii mbili nikabadilisha bahasha. Sitafuti maneno mazuri ya jambo hili. Nilitaka wale akina mama waumie mbele ya Mama Akoth na mbele ya yule mzee, na waumizwe na Okumu.

Walikuja saba, na vitambaa vyao vya kanisa kichwani. Mzee wa Kawangware alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kidogo, kikombe cha chai mkononi, Mama Akoth kando yake. "Karibuni mathe zangu," Okumu akasema. "Leo ni kucheka tu." Akatoa bahasha ya doa la dhahabu, akaweka sidii, akapiga televisheni kofi. Pakatokea jikoni. Mwanamke akafungua maji. Okumu alifahamu mara moja, maana alizijua zote kama mimi. Aligeuka akaniangalia. Nilikuwa nimesimama kando ya blanketi la dirisha, na uso wangu sijui ulikuwa ukisema nini, lakini aliusoma. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha kuzima. Kisha akawaangalia wale akina mama, na mkono ukarudi.

Sahani ya kwanza, ya pili. Sahani ya tatu mmoja wao, yule aliyekuwa na sahani sita, alianza kuimba taratibu wimbo wa mazishi, ule ambao huimbwa jeneza likishuka, na wengine wakauchukua. Waliimba wakitazama, machozi yanashuka bila mtu kuyafuta, na sauti zao zilikuwa zimepangika vizuri kama kanisani. Kule mbali Mama Sela alikuwa amezikwa tangu Alhamisi. Pale alizikwa Jumapili. Ilipokwisha mkubwa wao akasema, "Rudisha." Wakaitazama mara ya pili bila kulia. Mmoja hata akasema, "Huyu mama haoshi chini ya sahani," na wakacheka, kicheko chenyewe hasa.

Wakitoka walimshika Okumu mkono mmoja mmoja. Yule mzee alikuwa amesahau chai yake. Mama Akoth akafuta macho kwa kanga akauliza, "Okumu, nani amewachagulia hiyo? Si ulisema ni ya kucheka?"

Nilingoja anitaje. Nilikuwa nimeshaandaa uongo. Okumu akanyoosha kidole. "Ni Barasa. Mimi nilikuwa nawapa ingine."

Mama Akoth aliniangalia kana kwamba ni mara ya kwanza kuniona. "Barasa? Wewe?" Mzee akasema, "Basi nipe huyu." Na safari hii hakuna aliyecheka. Mwezi uliofuata nilikuwa na funguo za Kawangware mfukoni. Boksi la fupi lilibaki Kibera, mimi nikalikataa, nikasema Kawangware ni watu wa muvi ndefu na mpira. Nilijaza nyumba ile kwa sauti yangu, nikaongeza ya pili, vidio zikafa nikageukia kuuza televisheni zenyewe, na nikapanda. Mtu akiniuliza nitazame gani, tangu siku hiyo nasema, "Angalia tu, zote ni nzuri." Nimewaambia watu wengi kwamba nilianza bila kusaidiwa na mtu. Kwa miaka yote nimekuwa nikijiuliza kama Okumu alinihurumia, au alinidharau, au alinitega. Ukweli alisema, neno kwa neno. Ni ukweli gani mtu humpa adui yake bure?

Basi Jumamosi ile ya ukumbini, filamu zilipokwisha na watu wakawa wanapewa chai na mandazi nyuma ya ukumbi, nilimvuta kando. Alinisalimia kwa kuchukua mandazi kutoka mkononi mwangu.

"Niaje, tajiri. Skrini yako ni safi."

"Okumu, ile Jumapili ya wale akina mama wa chama. Ulijua ni mimi?"

"Si nilisema ni wewe?"

"Ulisema nimewachagulia."

"Kwani hukuwachagulia?" Alitafuna, akanitazama na yale macho yake ya usingizi. "Buda, kwa boksi kulikuwa na sidii sitini na tatu. Kama ulitaka tu kuniharibia, ungeweka yoyote. Weka ile nyekundu ya visu, wangetoka mbio, mimi kwisha. Lakini wewe ulikaa ukawafikiria wale wamama, mmoja mmoja, mpaka ukajua ni gani itawagusa pale pale. Mimi nilikuwa nimekosea. Ile ya viatu wangecheka dakika mbili waende nyumbani na matanga yao. Yako ndio ilikuwa yao. Nilikuonea wivu, wallahi."

Akameza, akaendelea. "Shida yako ulifanya mara moja tu. Ulipopata Kawangware ukaacha kuangalia watu." Akajipangusa sukari kwa ile sweta, akaitwa na vijana, akaenda.

Garini mke wangu aliniuliza Okumu ameniambia nini.

"Amenisifu," nikasema.

"Na ndio umekunja uso?"

Niliwasha gari. Watu humwonea mwenzao wivu kwa gari, kwa mke, kwa shamba. Mimi nilitoka Kibera nikimwonea Okumu wivu kwa kitu changu mwenyewe. Siku yangu moja njema, ile nimeificha maisha yangu yote kama mali ya wizi, yeye ndiye aliyekuwa ameishika kwa heshima muda wote huo, na alinionyesha kwa dakika moja tu, mdomo umejaa mandazi, kisha akaondoka nayo.